Herufi za Miraba: Muundo na Matumizi Yake

Katika nyumba nyingi za Tanzania huonekana kitambaa cha krosheti kilichotandikwa juu ya kiti, nacho kimeandikwa KARIBU. Aliyekifuma hakuchora mstari wa mviringo hata mmoja. Alihesabu vijumba, kimoja akakijaza, kimoja akakiacha wazi, na herufi ikatokea yenyewe. Twaanza na kitambaa hiki kwa sababu watu wengi hudhani kwamba herufi za miraba, ambazo siku hizi zimerudi kuwa pambo katika michezo ya kompyuta na katika mabango, zilizaliwa pamoja na mashine. Mashine ilileta pikseli, yaani nukta moja ya kiwambo; hesabu yenyewe ni ya zamani.

Kiwambo cha zamani kilikuwa na nukta chache, na mchoraji hakuwa na budi kuridhika nazo. Mwaka 1984 Susan Kare aliichorea kompyuta ya Macintosh herufi ziitwazo Chicago. Mwaka uliofuata Zuzana Licko akatengeneza za kwake huko California, akiufanya upungufu wa nukta kuwa ndio mtindo. Chicago ilirejea mwaka 2001 katika kiwambo kidogo cha iPod.

Kipimo kilichozoeleka sana ni safu 5 kwa mistari 7, yaani nukta 35 kwa herufi. Sasa tulitazame jina la Mbalibali, mkoani Mara, jina ambalo wageni hupenda kulisoma “mbalimbali”. Herufi m huenea barabara katika safu 5: miguu mitatu na nafasi mbili katikati yake. Taabu iko kwa l na i. Zikichorwa katika safu moja, l hujaza nukta zote 7, na i hujaza 6, ikiacha ile ya pili kutoka juu. Basi nukta moja tu ndiyo inayozitenga! Kiwambo kikiharibika kidogo, Mbalibali huwa “Mballball”. Dawa yake ni kuipa l kijiguu cha nukta moja upande wa kulia.

Jambo la pili ni upana. Endapo kila herufi itapewa safu 6, pamoja na ile ya nafasi, kiwambo cha nukta 84 kwa 48, kama kile cha simu ya Nokia 3310 ya mwaka 2000, kitachukua herufi 14 kwa mstari. Neno “watakaotusaidia” lina 15, nalo si neno la ajabu katika lugha yenye viambishi kama hii yetu. Lakini i ikipewa safu 1, t safu 3, w safu 5 na nyingine safu 4, neno lile lile huenea katika safu 68, nafasi zikiwemo. Kwa hiyo herufi zenye upana wa namna moja, zipendezazo sana kwa Kiingereza katika michezo, hazitufai kwa habari ndefu.

Kikuria, kisemwacho Tarime na Serengeti, kina vokali 7, ilhali alfabeti ya Kiswahili ina herufi 5 za vokali. Atakaye kuziandika zote hana budi kuongeza alama. Herufi ndogo ina mistari 5 na juu yake imebaki miwili: mmoja wa wazi, mmoja wa alama. Herufi kubwa imekwisha kujaza mistari yote 7, wala alama haina pa kukaa. Wachoraji wengine huifupisha herufi. Mimi naona afadhali kuongeza mistari 2 kwa alfabeti nzima.

Tena kuna gharama. Ujumbe mmoja wa simu una nafasi ya herufi 160 zikiwa ni za orodha ya kawaida. Ikiingia hata herufi moja iliyo nje ya orodha hiyo, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo na nafasi hushuka hadi 70. Orodha hiyo inayo ö, lakini haina ë. Hata ng’ ya “ng’ombe” yaweza kuuponza ujumbe wa Kiswahili, iwapo simu itaweka kitone kilichopinda badala ya kilichosimama wima. Haishangazi, basi, kwamba mtu huandikia jamaa zake lugha ya mama bila alama, akawaachia kazi ya kukisia.

Kuhusu matumizi mengine nitasema machache. Namba ya LUKU ina tarakimu 20, na hapo yatakiwa 3 na 8 ziachane waziwazi, kwa maana anayezibonyeza aghalabu yumo gizani. Mchapaji atumiaye herufi hizi kwa pambo azikuze kwa marudufu kamili ya kimo chake: iliyochorwa kwa 8 iwe 16 au 24. Akiipa 11, nukta hugawanyika vipande na kingo hufifia. Mfumaji wa kitambaa hakosei hapa, kwa kuwa hakuna nusu kijumba katika krosheti.