Gauni la miaka ya 1920 kutoka rundo la mitumba

Mpwa wangu anafundisha chekechea huko Myanga, kaunti ya Bungoma. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku, sauti imemwishia. Shoga yake anaolewa, na walioalikwa wametakiwa waje na mavazi ya miaka ya 1920, yale ya wasichana wa Ulaya na Marekani walioitwa maflapa. Gauni la kukodi ameambiwa ni shilingi 4,500, halina mikono na linaishia gotini.

"Khalati, nichukue mkopo wa simu au nisiende?"

Nikamwambia: wala hili wala lile. Nenda kwenye mitumba. Na kwa kuwa najua wapo mabinti wengi wenye shida kama yake, nayaandika hapa niliyomweleza.

Kwanza, jua unachokitafuta. Baada ya vita vikuu vya 1914 hadi 1918, wanawake wengi wa nchi zile waliachana na nguo za kubana kiuno. Gauni likawa limenyooka kama kanzu, mshipi ukashuka mpaka nyongani. Pindo lilipanda polepole, likafika gotini kama mwaka 1926 hivi. Yale matamvua mengi tunayoyaona kwenye filamu yalikuwa machache sana wakati ule; nguo za mchana zilikuwa za kawaida, na za usiku zilinakshiwa kwa shanga. Kwa hivyo usihangaike kutafuta matamvua. Tafuta umbo.

Sokoni, usiulize "gauni la zamani". Muuzaji atakupandishia bei. Pekua rundo la magauni mapana ya shifoni, hariri bandia au mahameli, hata yaliyokuzidi saizi moja. Rangi nyeusi, kahawia, kijani kibichi au dhahabu zinafaa. Ukiweza, fika mapema mzigo unapofunguliwa, kabla kamera hazijachukuliwa na wenye maduka. Lishike gauni juu kwenye mwanga utazame makwapa na mishono: doa la jasho kwenye hariri halitoki, lakini mshono uliofumuka ni kazi ya dakika tano.

Pili, fundi. Mwambie aondoe ukanda wa kiunoni, kisha ashone utepe au kipande cha lesi chini kidogo ya nyonga. Hapo tu gauni limeshabadilika karne.

Tatu, stara. Hapa ndipo mpwa wangu alipokuwa na wasiwasi, na ndipo mtindo huu ulipomsaidia. Gauni lisilobana linakubali kuvaliwa juu ya blauzi ya mikono mirefu na sketi ndefu ya rangi moja nalo. Kichwani, kofia zao zilikuwa na umbo la kengele, lakini wanawake wa Paris wa miaka ile walivaa vilemba pia. Basi mtandio wako ukiufunga kilemba juu ya ushungi, ukabana bruchi upande mmoja, hujatoka nje ya mtindo hata kidogo. Malizia kwa mkufu mrefu wa shanga na viatu vya kisigino kifupi vyenye ukanda juu ya mguu.

Hesabu yake ilikuwa hivi: gauni 250, viatu 300, shanga 100, fundi 200. Jumla shilingi 850. Blauzi, sketi na mtandio alikuwa navyo kabatini.

Jambo moja zaidi: nguo ya mtumba ifuliwe kabla ya kupelekwa kwa fundi, si baada. Mahameli na hariri uzifue kwa mkono, kwa maji baridi na sabuni laini, uzianike kivulini.

Nilimkumbusha pia kwamba miaka hiyo ya 1920 haikuwa ya wazungu peke yao. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na katika miaka iliyofuata wanawake wengi waliokuwa wakivaa kaniki waliiacha, wakajifunga kanga na kuvaa buibui, ili asiwepo wa kuwatazama akajua walikotoka. Mwaka 1928 Siti binti Saad, aliyezaliwa katika ufukara, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Kote kote, mwanamke alikuwa akisema kwa nguo yake kwamba mambo yamebadilika.

Harusi imepita salama. Mpwa wangu ameniambia watu walimwuliza amekodi wapi. Akajibu ni lake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ya mkopo nayo, nadhani, haisitiri usingizi.