Mnazi wa shamba lako, leseni ya kaunti

Wagema wengi wa Kilifi huuliza swali moja: minazi ni yangu, nagema mwenyewe, nauza uani kwangu, leseni ya nini tena?

Jibu liko katika Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010. Sheria hiyo ilifuta ile ya zamani iliyopiga marufuku chang'aa, pamoja na ile ya leseni za pombe. Leo mnazi, busaa na bia ya kiwandani zote ziko chini ya sheria moja. Anayetengeneza au kuuza kileo lazima awe na leseni, hata kama mangwe yake ni kivuli cha mwembe na mabenchi mawili. Kazi ya kutoa leseni ilikabidhiwa kaunti na Katiba, katika Jedwali la Nne.

Leseni ni ya mahali palipotajwa na hudumu mwaka mmoja. Mahali penyewe pawe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shule yoyote ya watoto, chekechea ikiwemo, kwa hivyo pima kabla ya kujenga banda. Majirani nao wana haki ya kupinga ombi lako kabla halijaamuliwa.

Saa ndizo huwasumbua wagema zaidi. Mteja anayekunywa hapo hapo huuziwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Wikendi na sikukuu mwanzo ni saa nane mchana. Lakini mnazi haujui saa! Ulioshushwa alfajiri huwa mtamu, na baada ya saa chache tu huanza kuchacha. Ukifika jioni ni mkali, kesho yake unaelekea kuwa siki. Kuuza saa tatu asubuhi ili usiharibike ni kosa. Afadhali mgema awawekee wateja wa jioni ule wa mgemo wa jioni, na wa asubuhi autenge kwa siki au awauzie wapishi wa kuumulia mahamri.

Aliye chini ya miaka 18 hauziwi, hata akija na dumu akisema ametumwa na babake. Mwambie baba aje mwenyewe.

Anayetaka kuomba leseni, au kuwasilisha pingamizi, aanzie ofisi ya kaunti ndogo yake.