Kina Mama wa Sokoni Visiwani: Msaada Huja, Umoja Hubaki



Vikundi vingi tunavyotembelea hutuuliza: mfadhili akija, tumwombe nini? Safari hii tunataka kujibu kwa mfano wa mbali, lakini mtaona ni kama habari za soko la kwenu.

Katika Bahari ya Pasifiki kuna nchi ambazo ni visiwa vitupu. Fiji ina visiwa zaidi ya 300, Vanuatu karibu 80, na Visiwa vya Solomon zaidi ya 900. Huko nako anayelima na kuuza ni mama. Shirika la Umoja wa Mataifa la wanawake, UN Women, linasema kwamba kati ya wauzaji 100 wa sokoni, 75 hadi 90 ni wanawake. Huleta mihogo, nduma, ndizi, mboga na samaki. Pesa hizo ndizo karo ya shule na chumvi ya nyumbani.

Basi shida ilikuwa wapi? Mama alilipa ushuru kila siku, lakini vyoo vilikuwa vibaya na maji hakuna. Wengine walitoka vijiji vya mbali na hawakuweza kurudi jioni, kwa hiyo walilala hapo hapo sokoni kando ya mizigo yao, wakiogopa wezi na watu wabaya. Na baraza la mji lilipokaa kupanga mambo ya soko, mama hakuwa kwenye kikao. Alikuwa wa kulipa tu, si wa kusema.

Mwaka 2012 viongozi wa nchi za Pasifiki walikutana katika Visiwa vya Cook wakatoa tamko la usawa wa wanawake na wanaume. Tamko ni karatasi, jamani. Linahitaji mikono. Mwaka 2014 UN Women ilianzisha mradi uitwao Markets for Change, yaani Masoko kwa Ajili ya Mabadiliko, katika nchi hizo tatu. Fedha nyingi zilitoka kwa serikali ya Australia, na shirika la UNDP likasaidia kufundisha mambo ya pesa.

Hapa ndipo pa kujifunza. Mradi haukuwa wa kujenga tu. Kina mama walisaidiwa kuunda vyama vya wauzaji na kuimarisha vile vilivyokuwako. Huko Vanuatu kuna chama kiitwacho Silae Vanua. Walifundishwa kuchagua viongozi, kuandika mapato na matumizi, kuweka akiba, na kuzungumza na baraza bila woga. Watu wa baraza nao walifundishwa kusikiliza na kupanga bajeti ya soko.

Kina mama waliposema wanataka mahali salama pa kulala, katika baadhi ya masoko ya Fiji, kama lile la Rakiraki, zilijengwa nyumba za kulala akina mama wanaotoka mbali. Mwanaume aliyezoea kukaa ofisini asingewaza jambo hilo. Alilijua yule aliyelala chini.

Februari 2016 kimbunga Winston kilipiga Fiji na kuua watu 44. Rakiraki iliumia sana. Soko lilijengwa upya likiwa imara zaidi kwa upepo mkali, pamoja na matangi ya kuvuna maji ya mvua. Paa linaweza kung'olewa na upepo, lakini chama chenye daftari safi na viongozi waaminifu huweza kusimama tena na kudai haki yake.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hatukatai msaada. Lakini mradi una mwisho wake, na siku mgeni anapofunga mizigo, kinachobaki ni kile mlichojenga wenyewe. Hapa kwetu Kenya, Katiba ya 2010 inaitaka kaunti iwashirikishe wananchi. Mlango uko wazi. Anayeingia peke yake kulalamika ataambiwa arudi kesho, hata mara kumi. Wakiingia wanachama 40 na barua yenye muhuri wa kikundi, watapewa kiti.

Tunawaomba mjadiliane maswali haya katika mkutano wenu ujao:

1. Katika soko letu, wauzaji wengi ni nani? Na kwenye kamati ya soko, wengi ni nani?
2. Ushuru tunaolipa kwa mwezi mmoja ni kiasi gani? Tumeandika mahali?
3. Ni jambo gani moja ambalo mama wa sokoni analijua na wakubwa hawalijui? Nani atalipeleka kaunti, na lini?

Msiondoke kikaoni kabla ya kuandika jina la mtu na tarehe kwenye swali la tatu. Mungu awabariki katika kazi zenu.