UTABIRI, UBASHIRI NA MAKADIRIO
Istilahi za shabiki wa kandanda kabla ya msimu wa ligi

Utangulizi

Kwa kawaida, katika miezi ya Julai na Agosti, kabla Ligi Kuu ya Tanzania Bara haijaanza, mashabiki wa kandanda huwa katika shughuli moja kubwa: kusema mapema yatakayotokea. Nani atatwaa ubingwa? Nani atashuka daraja? Nani atamaliza katika nafasi nne za juu? Maswali haya huulizwa katika magazeti, katika redio, katika vijiwe vya kahawa vya Maili Moja na Mlandizi wilayani Kibaha, na kando ya barabara itokayo Pugu kwenda Kisarawe. Majibu hutolewa kwa majina mengi: utabiri, ubashiri, makisio, makadirio, maoteo, matarajio. Mara nyingi maneno haya hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba si kitu kimoja. Kila neno lina asili yake na uzito wake, na kuyachanganya kuna hasara. Hapo zamani hasara hiyo ilikuwa ya lugha peke yake. Leo, ambapo kijana huweza kuweka fedha juu ya neno la mtu mwingine kwa kubonyeza simu, hasara hiyo imeingia mfukoni.

Neno "msimu"

Yafaa tuanze na neno ambalo halina ugomvi. "Msimu" limetoka katika Kiarabu, na mabaharia wa mwambao walilitumia kwa majira ya pepo za kaskazi na kusi. Mkulima wa korosho na muhogo wa Kisarawe hulitumia kwa mvua za vuli na za masika. Shabiki amelichukua kwa ajili ya ligi, na amelichukua vizuri, kwa kuwa ligi nayo ina mwanzo wake, kilele chake na mwisho wake.

Mfano huo wa mvua una faida nyingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa "utabiri" wa siku chache zijazo, lakini inaposema habari za msimu mzima hutumia neno "mwelekeo", na husema kwamba mvua zitakuwa, kwa mfano, "za wastani hadi juu ya wastani". Wataalamu hao hawaahidi kwamba tarehe fulani mvua itanyesha Maneromango. Wanajua kwamba kadiri muda unavyorefuka, ndivyo usemi unavyopasa kulegezwa. Somo hilo mashabiki wengi bado hawajalipokea: humtaja bingwa wa mwezi wa Mei kwa uhakika uleule wa kutaja mshindi wa mechi ya kesho.

Utabiri na ubashiri

"Kutabiri" ni neno la asili ya Kiarabu, ambako lilihusu kufasiri ndoto. Mtabiri, basi, alikuwa mtu aliyepewa alama na mwingine, akaieleza maana yake. Kiswahili kimelipanua neno hilo hata likawa na maana ya kusema jambo kabla halijatokea, lakini mzizi wake unatukumbusha sharti moja: mtabiri lazima awe na alama anayoifasiri. Asiye na alama yoyote hatabiri, bali anasema tu.

"Kubashiri" nalo ni la Kiarabu, na ni ndugu wa "bishara". Asili yake ni kuleta habari njema. Kwa hiyo shabiki anayesema timu yake itashinda anabashiri kwa maana halisi ya neno. Huyo ni mleta habari njema, na hutamka kile anachokipenda. Ni vigumu zaidi kusema kwamba mtu "anabashiri" timu yake kushuka daraja, ingawa matumizi ya leo yanaruhusu.

Zaidi ya maneno hayo mawili, tunalo neno la Kibantu "kuagua", ambalo ni kazi ya mwaguzi, na tunao usemi "kupiga ramli". Haya yamebaki upande wa mambo ya siri. Mashabiki huyatumia kwa mzaha, kama wanavyotaja "kamati ya ufundi" ya klabu huku wakikonyezana, wakiwa na maana ya wale wanaokwenda kwa waganga. Hatuoni haja ya kuyaingiza katika istilahi za michezo. Kuyajua, hata hivyo, kunatusaidia kuona kwamba lugha yetu ilikwisha kutofautisha kale kati ya anayesoma alama zilizo wazi na anayedai kuona yaliyofichika.

Makadirio, makisio na maoteo

"Kukadiri" ni kupima kwa hesabu. Bunge hupitisha makadirio ya mapato na matumizi, na kila tarakimu huweza kuulizwa ilitoka wapi. "Kukisia" ni kupima kwa jicho, bila rula. Maneno yote mawili ni ya kipimo, lakini la kwanza hudai ushahidi zaidi.

Tuchukue mfano wa timu isiyotajwa jina. Ligi Kuu yenye timu 16 huipa kila timu mechi 30, yaani 15 nyumbani na 15 ugenini. Shabiki akisema, "Nyumbani tutashinda mechi 7, tutatoka sare 5, tutafungwa 3, ugenini tutashinda 2, tutatoka sare 5, tutafungwa 8", amepata pointi 26 za nyumbani na 11 za ugenini, jumla 37. Hayo ni makadirio. Yanaweza kukosolewa sehemu kwa sehemu. Mwenzake aweza kumwuliza, "Je, mechi tatu kati ya hizo saba zikiwa sare?" Papo hapo pointi sita zimepotea, zimebaki 31, na timu imesogea karibu na eneo la kushuka. Mazungumzo ya namna hii huwafundisha wote wawili. Lakini akisema tu, "Mwaka huu tutakuwa salama", hakuna pa kushika.

Wenzetu wa mchezo wa besiboli nchini Marekani wameifikisha mbali njia hii. Huko timu moja hucheza mechi 162 kwa msimu wa kawaida, na Bill James alitunga kanuni ifuatayo: chukua alama ambazo timu imepata kwa wachezaji wake kuzunguka vituo vyote, uzizidishe kwa zenyewe, fanya vivyo hivyo kwa alama ilizofungwa, kisha gawanya hesabu ya kwanza kwa jumla ya hizo mbili. Timu iliyopata alama 800 na kufungwa 700 hutarajiwa kushinda mechi kama 92. Besiboli ilianza kuenezwa katika shule za Tanzania mwaka 2012 kwa msaada wa Wajapani, na walimu wake watahitaji neno la hesabu kama hiyo. Neno "makadirio" lafaa kabisa.

Liko pia neno "maoteo", linalotumika katika nyaraka za mipango na uchumi, kama vile "maoteo ya mapato". Ni neno zuri mahali pake. Katika kandanda, hata hivyo, "kuotea" kumekwisha kuwa na maana nyingine iliyoenea kila kiwanja: mchezaji kuwa mbele ya mlinzi wa mwisho wakati anapopelekewa mpira. Mtu akiandika "maoteo ya mechi 30", msomaji wa ukurasa wa michezo atadhani anahesabiwa mara ambazo washambuliaji walipigiwa filimbi. Istilahi nzuri haipaswi kugombana na jirani yake. Kwa sababu hiyo tunashauri "maoteo" yasitumike kwa maana hii katika michezo.

Mfano wa Mlandizi

Uzito wa maneno hauko sawa kwa kila shabiki. Kutoka msimu wa 2017/18 hadi 2024/25, yaani misimu minane mfululizo, ubingwa ulikuwa wa Simba au wa Yanga: Simba mara nne, kisha Yanga mara nne. Kwa hiyo shabiki wa Kisarawe, ambako mazungumzo huelemea watani hao wawili, akimtaja bingwa huwa amechagua jina moja kati ya mawili. Akipatia, asijisifu mno. Akikosa, atataniwa kwa mwaka mmoja na maisha yataendelea.

Mlandizi mambo yalikuwa tofauti. Uwanja wa Mabatini ulikuwa nyumbani kwa Ruvu Shooting, timu ambayo mashabiki waliiita "maafande". Msemaji wake, Masau Bwire, alisifika nchini kwa kulipa neno la kawaida "kupapasa" maana mpya ya kumfunga mpinzani, na wananchi wakalipokea kwa kicheko. Huo ulikuwa ubashiri kwa maana yake ya asili: neno la kuwapa moyo watu wa nyumbani na kumtia wasiwasi mgeni. Hakuna aliyepaswa kulichukua kama hesabu. Mwisho wa msimu wa 2022/23 Ruvu Shooting ilishuka daraja. Kwa mama lishe na muuza vinywaji wa jirani na uwanja, swali la nani atashuka halikuwa mzaha wa kijiweni. Timu inaposhuka, wageni wa Simba na Yanga hawaji tena. Mtu wa namna hiyo alistahili kupewa makadirio, siyo bishara peke yake.

Hata hivyo, makadirio nayo yana mpaka. Msimu huohuo, tarehe 29 Novemba 2022, Ihefu iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1 huko Mbarali na kuukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya Mbeya ilitwaa ubingwa wa nchi mbele ya vigogo wa Dar es Salaam. Hesabu hutuambia kilicho cha kawaida. Haituambii siku ambayo kawaida itavunjika.

Mkeka

Neno jipya lililoenea kuliko yote ni "mkeka", yaani orodha ya mechi ambazo mtu amezichagulia matokeo na kuziwekea fedha. Likipotea hata tokeo moja, husemwa "mkeka umechanika". Ni sitiari ya wananchi wenyewe, na mtu yeyote wa Pwani aliyewahi kuona ukindu ukisukwa huielewa mara moja: mshono mmoja ukiachia, wote huachia.

Lugha ya wananchi hapa imesema kweli kuliko lugha ya matangazo. Makampuni ya michezo ya kubahatisha huwaita wateja wao "wabashiri", neno lenye harufu ya habari njema. Sheria, kwa upande wake, husema "michezo ya kubahatisha", kutokana na "bahati". Tupime lipi ni sahihi. Tuseme mtu ana ujuzi wa ajabu, hata katika kila mechi tatu hupatia mbili. Mkeka wake wenye mechi 10 utapona wote mara moja tu katika mara 58 hivi. Akiwa na ujuzi wa kupatia nusu, ni mara moja katika 1,024. Mwenye kuweka nauli yake au ada ya mtoto juu ya mkeka wa namna hiyo hakubashiri wala hakukadiri. Amebahatisha, na neno linalomstahili ni hilo.

Ngazi za uhakika

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kupima uhakika. Tunayo "haiwezekani", "ni vigumu", "huenda", "yaelekea" na "hapana shaka". Kasoro ya kurasa nyingi za michezo ni kuruka ngazi zote na kutua katika "lazima". Mwandishi akiandika "Huenda Simba ikamaliza juu ya Yanga", amesema jambo linaloweza kujadiliwa. Akiandika "Lazima Simba imalize juu", amemnyima msomaji nafasi ya kupima. Mhariri anayerekebisha neno moja hilo amefanya kazi ya istilahi.

Mapendekezo

Tunapendekeza matumizi yafuatayo katika magazeti, redio na shule:

Matarajio: kile shabiki anachokipenda na kukingoja, kwa sababu au bila sababu.
Ubashiri: kauli ya shabiki au msemaji kuhusu matokeo, isiyodai hesabu.
Makisio: kauli itokanayo na uzoefu wa macho.
Makadirio: kauli itokanayo na hesabu inayoweza kuonyeshwa na kukosolewa.
Utabiri: kauli ya mjuzi inayofasiri alama zilizo wazi, kama vile usajili, majeruhi na ratiba, kuhusu mechi iliyo karibu.
Mwelekeo: kauli ya mjuzi kuhusu msimu mzima, isemwayo kwa upana.
Kubahatisha: kuweka dau juu ya matokeo, kwa kauli ya aina yoyote kati ya hizo.

Hitimisho

Hatukusudii kumzuia shabiki wa Kibaha au wa Kisarawe asiseme atakalo kabla ya msimu. Furaha ya kandanda nusu yake ni maneno. Ombi letu linawahusu zaidi wanaoandika na kutangaza: wanapotoa bishara waseme ni bishara, na wanapotoa hesabu waionyeshe. Msomaji akikuta neno "utabiri" juu ya safu ya magazeti, ana haki ya kuuliza ni alama gani iliyofasiriwa. Mwenye safu akishindwa kuitaja, neno limebandikwa mahali pasipo pake, na hapana budi liondolewe.