Askari wa jiwe aliyeangushwa na kuzikwa na mji wake

Katika jumba la makumbusho la Elberton, mji mdogo wa jimbo la Georgia nchini Marekani, askari wa jiwe amelala chini, miguu yake imevunjika. Waliomwangusha si maadui. Ni wakaaji wa mji ambao ulimsimamisha.

Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka wa 1898 kwa kuwakumbuka askari wa majimbo ya Kusini, yale yaliyojitenga na kupigana vita tangu 1861 hadi 1865 ili utumwa usifutwe. Ilichongwa na Arthur Beter, fundi kutoka Italia, katika jiwe gumu linalochimbwa hapohapo Elberton.

Watu walipomwona, hawakumpenda. Alikuwa mfupi na mnene, tena koti lake refu na kofia yake vilifanana na vya jeshi la Kaskazini, lile walilopigana nalo. Wakampa jina la kumcheka: Dutchy. Mwezi wa nane mwaka wa 1900, kundi la watu lilimfunga kamba, likamvuta hadi akaanguka. Kisha akazikwa kifudifudi palepale, na sanamu nyingine ikachukua nafasi yake.

Alikaa ardhini zaidi ya miaka 80. Mwaka wa 1982 alifukuliwa, akapitishwa mahali pa kuoshea magari ili udongo utoke, kisha akapelekwa makumbusho.

Kisa hiki kinachekesha, lakini kina uzito. Watu wa Elberton walikasirishwa na koti. Utumwa wenyewe, ambao maelfu ya watu weusi waliuishi katika wilaya hiyo, haukumwangusha askari huyo. Wajukuu wa watumwa hawakuwa na sauti juu ya nani asimamishwe katikati ya mji.

Sisi Wakongomani tunajua jambo hilo. Mwezi wa pili mwaka wa 2005, sanamu ya Léopold II, iliyokuwa imeondolewa wakati wa Mobutu, ilirudishwa katikati ya Kinshasa. Haikumaliza hata siku mbili, ikaondolewa. Baadaye iliwekwa Mont Ngaliema, katika bustani ya makumbusho.

Sanamu zote mbili zimeishia makumbusho. Huko, mtoto anaweza kuuliza huyu ni nani na alifanya nini, na mkubwa analazimika kumjibu.