Uzito wa Kitambaa Si Uzito wa Pamba

Katika karne ya 19, wanunuzi wa Unguja waliithamini merikani, kitambaa cha pamba isiyopaushwa kilicholetwa na meli za Salem, Massachusetts, kwa kuwa kilikuwa kizito na kilistahimili kufuliwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipokatiza biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na India vilipata nafasi.

Uzito, hata hivyo, huweza kughushiwa. Wafumaji hupaka nyuzi wanga ili zisikatike mtamboni, na hilo si kosa. Kosa ni kuuzidisha. Baadhi ya viwanda vya Lancashire vilichanganya wanga na udongo mweupe kupita kiasi, kitambaa chepesi kikaonekana kinene hadi siku ya kwanza ya kufuliwa.

Urefu nao ulileta ubishi. Kipimo kilikuwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na mikono ya watu hailingani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ilikataza alama za biashara za uongo. Ya India, mwaka 1889, ilitaka jora lipigwe chapa ya urefu wake kwa yadi.

Hila ya wanga tunaihesabu kuwa hai bado. Kabla ya kulipa, sugua pembe ya kitambaa kwa vidole: unga mweupe ukidondoka, uliza. Taka kipimwe kwa rula ya mita, kikiwa kimelazwa mezani bila kuvutwa. Risiti itaje aina ya kitambaa na urefu wake. Ndiyo tutakayoiomba kwanza ukituletea malalamiko.