Nguruwe wa Porini, Nguruwe wa Zizini na Afya ya Ubongo

Katika vijiji vingi vya Tanzania vinavyopakana na misitu, msimu wa mahindi kukomaa ni msimu wa kukesha. Nguruwe pori huingia shambani usiku kwa makundi, na kufikia alfajiri jasho la miezi kadhaa limekwisha kukanyagwa. Anayeuawa huishia chunguni. Mijini nako kitimoto kimekuwa kitoweo cha mwisho wa juma, na familia nyingi za vijijini hulipia ada za watoto kwa nguruwe wawili watatu wanaofugwa nyuma ya nyumba. Ndiyo maana maswali haya mawili huulizwa mara kwa mara: Je, nyama ya porini ni safi kuliko ya zizini? Na je, ni kweli kwamba nguruwe huleta kifafa?

Nyama ya porini

Wapo wanaoamini kuwa mnyama wa porini ni salama kwa sababu hali uchafu wa binadamu. Hoja hiyo ina ukweli kiasi, lakini haitoshi. Nguruwe pori na ngiri huweza kubeba minyoo midogo iitwayo trikinela, ambayo lava wake hujificha ndani ya misuli bila kuonekana kwa macho. Mlipuko wa kwanza wa ugonjwa huo kuripotiwa kusini mwa Sahara ulichapishwa mwaka 1961, kutoka Kenya, na waliougua walikuwa wamekula nyama ya nguruwe pori.

Mgonjwa huanza kwa maumivu ya tumbo na kuhara. Baadaye hufuata homa, maumivu makali ya misuli na kuvimba kope za macho; mara chache moyo na ubongo huathirika. Kukausha nyama, kuitia chumvi au kuifukiza moshi hakuui lava kwa uhakika, na kuigandisha si kinga ya kutegemewa kwa nyama ya porini.

Mhudumu wa afya anapaswa kuuliza bayana kuhusu nyama ya porini. Kwa kuwa kuwinda bila kibali ni kosa kisheria, wagonjwa wengi huficha. Wahakikishiwe kuwa maelezo yao ni siri ya matibabu.

Ngiri pia hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ambavyo huenezwa na papasi waishio kwenye mashimo yao. Homa hiyo haimwambukizi binadamu, lakini huweza kuua takriban zizi zima. Mabaki ya nyama ya porini yasitupwe kwa nguruwe wa kufugwa.

Tegu na kifafa

Swali la pili linahitaji jibu la makini, kwani mgonjwa akielewa vibaya hulaumiwa yeye na jamaa zake. Anayekula nyama isiyoiva yenye vifuko vya tegu hapati kifafa kutokana na nyama hiyo. Hupata tegu tumboni, mnyoo unaoweza kufikia urefu wa mita kadhaa, mara nyingi bila dalili kubwa. Mayai ya mnyoo huo hutoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, lava huota vifuko katika misuli yake, vyeupe kama punje za mchele. Binadamu naye akimeza mayai hayo, kwa mikono isiyonawiwa, maji au mboga mbichi, lava huweza kufika kwenye ubongo wake na kuota vifuko kule kule. Degedege huweza kuanza miaka mingi baadaye.

Hivyo hata asiyeonja nyama ya nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua, ikiwa anakula chakula kilichoandaliwa na mtu mwenye tegu. Chanzo cha mayai ni binadamu, si nguruwe.

Tatizo hili lipo kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikagua nguruwe 770 wilayani Mbulu na kukuta vifuko kwa asilimia 17.4. Mwaka 2009 watafiti wa Haydom, wilaya hiyo hiyo, walichapisha matokeo ya picha za CT za watu 212 wenye kifafa; 38 kati yao walikuwa na alama zinazoashiria vifuko vya tegu kwenye ubongo.

Yanayowezekana kufanywa

Kwa mfugaji: nguruwe wafungiwe bandani mwaka mzima, hata baada ya mavuno, na kila kaya iwe na choo kinachotumika na kufungwa vizuri. Dawa ya oksifendazo, inayotolewa kwa ushauri wa afisa mifugo, huua vifuko vilivyo katika misuli ya nguruwe. Aliyetibiwa asichinjwe kabla ya muda ulioelekezwa. Nyama yenye punje isiuzwe kwa bei ya chini wala kugawiwa majirani.

Kwa mpishi: nunua nyama iliyokaguliwa, ikate vipande vidogo, na iive hadi katikati. Kipande kinene kilichobabuka nje huweza kuwa kibichi ndani.

Kwa mhudumu wa afya: mtu mzima anayepata degedege kwa mara ya kwanza katika eneo la ufugaji wa nguruwe afikiriwe kuwa na vifuko vya tegu, na apewe rufaa ya kupigwa picha ya ubongo. Albendazo isitolewe kwa kubahatisha: vifuko vinapokufa, ubongo huvimba, kwa hiyo picha hutangulia, macho hukaguliwa, na dawa ya kupunguza uvimbe huambatana nayo. Tahadhari hiyo inahusu pia prazikwanteli ya kichocho. Kabla ya kuigawa, uliza kama mtu amewahi kupata degedege, ana maumivu sugu ya kichwa au vinundu chini ya ngozi.

Kwa mgonjwa na familia: kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa anayeanguka, na si mapepo. Mlazeni kwa ubavu, ondoeni vitu vya hatari, msimtie kitu mdomoni. Dawa za kifafa zinywewe kila siku bila kukatisha, hata baada ya dawa ya vifuko. Degedege ikizidi dakika tano, mpelekeni kituo cha afya mara moja. Na anayeona pingili nyeupe kwenye choo chake asione haya kusema: tegu wa tumboni hutibiwa kwa urahisi, na kumtibu mmoja ni kuwakinga wote wanaokula naye.